Namna ya Kuchagua Matunda na Mboga za Kilimo Hai kwa Afya ya Familia, Kuanzia Gengeni Hadi Jikoni

Chukua nyanya moja iliyotoka sokoni, ing'oe kikonyo, kisha uchungulie kile kishimo kinachobaki. Mara nyingi, hasa nyakati za mvua, utakuta humo unga mwepesi mweupe unaoelekea ubuluu au unjano, uliojificha mahali ambapo kitambaa cha muuzaji hakifiki. Unga huo kwa kawaida ni baki la dawa ya ukungu, na dawa za ukungu zinazotumika sana kwenye nyanya zetu zina kiambata kiitwacho mankozebu, ambacho Umoja wa Ulaya uliamua mwaka 2020 kutohuisha kibali chake kwa sababu huvuruga homoni na huweza kudhuru uzazi. Hii haina maana kwamba nyanya hiyo itupwe. Ina maana kwamba anayepika ana kazi ya kufanya kabla ya kushika kisu, na kwamba anayenunua ana maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mtu wa kipato cha kawaida, anayenunua mboga gengeni, sokoni au dukani, ambaye amesikia kwamba matunda na mboga za kilimo hai ni bora kwa afya na anataka kujua ni bora kwa kiasi gani, azipate wapi, azitambueje, na afanye nini siku ambazo hazipo au bei yake haishikiki.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Kilimo hai ni kilimo kisichotumia mbolea za viwandani, viuatilifu vya kutengenezwa kiwandani wala mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Mkulima hutegemea samadi, mboji, kubadilisha mazao shambani na mimea inayofukuza wadudu. Si kweli kwamba shamba la kilimo hai halipuliziwi kitu, kwa kuwa dawa zitokanazo na mwarobaini, pareto, salfa na shaba zinaruhusiwa kwa masharti. Na kinyume chake pia ni kweli: bibi anayelima matembele nyuma ya nyumba yake, ambaye hajawahi kununua dawa kwa sababu hana haja nayo, hana cheti chochote, lakini mboga yake ikifika mezani haitofautiani sana na ile yenye nembo.

Hatua ya kwanza: Fahamu faida unayoilipia

Faida ambayo ushahidi wake una nguvu kuliko zote inatokana na kile kisichokuwemo. Mwaka 2014, jarida la lishe la Uingereza lilichapisha uchambuzi wa machapisho 343 ya kisayansi yaliyolinganisha mazao ya kilimo hai na ya kilimo cha kawaida, na ikaonekana kwamba mazao ya kilimo cha kawaida yalikutwa na mabaki ya viuatilifu takribani mara nne zaidi. Uchambuzi huo huo ulionyesha kwamba mazao ya kilimo hai yalikuwa na kiwango pungufu cha kadimi, madini yenye sumu ambayo huingia shambani pamoja na baadhi ya mbolea za fosfeti na kurundikana katika figo za mlaji miaka nenda miaka rudi, na pia kwamba yalikuwa na kiasi kikubwa zaidi cha viambata vinavyoulinda mwili dhidi ya uchakavu wa seli.

Kwamba mabaki hayo hufika mwilini si jambo la kukisia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2006 uliwafuatilia watoto 23 wa eneo la Seattle, Marekani, ambao kwa siku tano vyakula vyao vya kawaida vilibadilishwa vikawa vya kilimo hai. Alama za viuatilifu viwili, malathioni na klopirifosi, zilishuka katika mkojo wao hadi kutoonekana, kisha zikarejea walipoanza kula kama zamani. Siku tano tu. Kwa mzazi, huu ndio ukweli wenye manufaa zaidi katika mjadala wote, kwa sababu unaonyesha kuwa mabadiliko madogo ya kikapu cha sokoni yanaonekana mwilini haraka, bila kusubiri miaka.

Kuhusu magonjwa makubwa, yafaa kuwa na kiasi. Utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2018, uliohusisha watu wazima karibu 69,000, uliwakuta walaji wakubwa wa vyakula vya kilimo hai wakiwa na saratani pungufu kwa asilimia 25 wakilinganishwa na waliovila kwa uchache zaidi; lakini utafiti wa Uingereza wa mwaka 2014, uliowafuatilia wanawake zaidi ya 600,000, haukuona upungufu wowote wa saratani kwa ujumla wake. Watu wanaonunua vyakula hivi mara nyingi pia hawavuti sigara, wana fedha zaidi na hufanya mazoezi, na kutenganisha mambo hayo ni kazi ngumu. Anayekuuzia mchicha kwa kudai kwamba unatibu saratani anakuuzia maneno.

Kuhusu virutubisho, uchambuzi wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2012 haukupata ushahidi wa kutosha kwamba vyakula vya kilimo hai vina vitamini nyingi zaidi. Kwa maoni yangu hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa sababu kinachoamua vitamini iliyobaki kwenye mboga za majani ni muda tangu kuvunwa na joto iliyopitia. Mchicha uliong'olewa alfajiri na kuliwa mchana, hata ukiwa umepata mbolea ya dukani, utaushinda kwa vitamini C mchicha wa kilimo hai uliolala siku tatu ndani ya gunia.

Jambo la mwisho katika hatua hii ni la kuzuia hofu isizidi mpaka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, yaani mafungu matano ya gramu 80. Anayeacha kula mboga kwa kuogopa dawa hujinyima kinga kubwa akikimbia hatari ndogo. Kwa hiyo utaratibu ni huu: kwanza jaza sahani, kisha ndipo uboreshe kinachoijaza, ukianza na sahani ya mjamzito na ya mtoto mdogo. Mtoto hula chakula kingi kuliko mtu mzima kwa kila kilo ya uzito wake, na ubongo wake bado unajengwa.

Hatua ya pili: Panga mazao kulingana na dawa yanayopigwa

Si kila zao linastahili kulipiwa bei ya kilimo hai. Ukijua ni mazao gani hupigwa dawa mara kwa mara na yapi hayapigwi, utatumia fedha yako ya ziada mahali inapoleta tofauti.

Nyanya iko mbele ya yote. Ina ukungu, ina utitiri, ina inzi weupe, na tangu mwaka 2014 ina kantangaze, yule nondo mdogo ambaye viwavi wake huchimba ndani ya jani na ndani ya tunda na kumfanya mkulima apige dawa akiwa amekata tamaa. Tatizo la nyanya haliishii kwenye wingi wa dawa. Kila kiuatilifu kina muda wa kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna, nao umeandikwa kwenye kibandiko cha chupa: zipo za siku tatu, za siku saba, za siku 14 na zaidi. Sasa nyanya huchumwa mara moja au mbili kwa wiki kwa wiki kadhaa mfululizo, na wakati wa mvua mkulima hupulizia kila wiki. Piga hesabu mwenyewe uone muda wa kusubiri unakaa wapi.

Pamoja na nyanya weka hoho, pilipili, tango, tikiti maji, kabichi, chainizi, biringanya na maharage mabichi. Hizi ndizo ambazo, ukipata chanzo cha kilimo hai unachokiamini, ni busara kuongeza mia mbili au mia tatu juu ya bei ya kawaida. Kabichi ina nafuu yake, kwa kuwa ukibandua majani matatu ya nje umeondoa sehemu kubwa ya kile kilichopuliziwa. Vivyo hivyo kitunguu na tikiti maji, ambavyo ganda lake haliliwi. Hoho haina nafuu hiyo, nayo ina mabonde karibu na kikonyo yanayohifadhi dawa kama kishimo cha nyanya.

Upande wa pili kuna mboga na matunda ambayo kwa kawaida mkulima mdogo hayapigi dawa hata akiwa nayo, kwa kuwa yanajimudu: kisamvu, matembele, majani ya maboga, mlenda, mnavu, mgagani, majani ya kunde kwa kiasi fulani, na upande wa matunda fenesi, stafeli, mapera, ukwaju, ubuyu, zambarau, nazi, papai na ndizi za shamba la nyumbani. Kwa hizi usitafute nembo, tafuta ubichi. Inashangaza kidogo kwamba mboga tulizozidharau kuwa za kimaskini ndizo zilizo karibu zaidi na kile ambacho maduka ya mjini huuza kwa bei ya juu. Ila kisamvu kina tahadhari yake: majani yake yana sumu ya asili ya sianidi, na ndiyo maana wazee walisisitiza kitwangwe vizuri na kuchemshwa muda mrefu bila kufunikwa. Kutopigwa dawa hakukifanyi kiwe cha kuliwa ovyo.

Katikati kuna mchicha, figili, spinachi, sukuma wiki, karoti na embe, ambazo hutegemea nani amelima, wapi na msimu gani. Hizo ndizo zinazotupeleka kwenye maswali.

Hatua ya tatu: Uliza maswali yanayojibika

Ukimwuliza muuzaji, "Mama, mboga hii imepigwa dawa?" utajibiwa, "Hapana mwanangu, hii ya kienyeji kabisa," na jibu hilo halitabadilika hata ungeuliza masoko kumi. Si kwamba mama ni mwongo. Mara nyingi ameinunua usiku huo huo kwenye soko la jumla la Ilala au Mabibo na hajui shamba lake, naye anajua jibu linalouza.

Uliza kwa njia nyingine. Anza na mazungumzo ya kawaida kuhusu bustani, halafu umwambie, "Wadudu mwaka huu wamewasumbua?" Gengeni ninakonunua, swali hilo lilinipatia siku moja jibu ambalo maswali ya miezi mitatu hayakulipata: "Wee, usiseme, wadudu wa mwaka huu hawasikii, tumepiga wiki iliyopita, tumepiga tena juzi." Chainizi ilikuwa mbele yetu, imefungwa mafungu, majani yanametameta kwa maji ya kunyunyiziwa. Mama hakuona kama amefichua siri, kwa sababu hakuwa na siri; alikuwa akilalamika kwa mtu aliyemsikiliza. Nilimshukuru, nikanunua matembele, na tangu siku hiyo hunitajia mwenyewe ipi imepigwa na ipi haijapigwa.

Maswali yanayofaa ni haya. Imetoka shamba la wapi, na mnalijua? Mnazuiaje wadudu? Mara ya mwisho kupulizia ilikuwa lini? Mnatumia samadi au mbolea ya dukani? Anayelima kwa njia ya kilimo hai hufurahia swali la wadudu, kwa kuwa ana hadithi ndefu ya majivu, mwarobaini, vitunguu saumu na bangi mwitu (mmea wa harufu kali, si bangi ya kuvutwa) aliyopanda pembezoni mwa tuta. Atakueleza mpaka uchoke. Anayejibu kwa neno moja na kugeukia mteja mwingine ameshakujibu.

Swali ambalo watu husahau, nami ninaliona kuwa zito kuliko yote kwa mboga za mijini, ni hili: mnamwagilia maji ya wapi? Dar es Salaam, mboga nyingi za majani hulimwa mabondeni, na tafiti zilizofanywa kwenye mboga za bonde la Mto Msimbazi zimekuta metali nzito kama risasi, zitokanazo na maji machafu ya viwanda na makazi. Mchicha wa hapo unaweza kuwa haujaonja tone la kiuatilifu, umelelewa kwa samadi tupu, na bado usifae kuliwa kila siku. Risasi haioshwi kwa maji wala haiondoki kwa kuchemsha, kwa sababu imo ndani ya jani. Kwa hiyo mchicha wa maji ya kisima kisafi, uliopigwa dawa mara moja na kuvunwa baada ya muda wake, waweza kuwa salama kuliko ule unaoitwa wa asili lakini umekunywa maji ya mfereji.

Hatua ya nne: Jua kusoma nembo, na ujue kinachosemwa na kibandiko kisicho na nembo

Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipitisha kiwango kimoja cha mazao ya kilimo hai, pamoja na nembo iitwayo Kilimohai, inayotumika Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi. Kwa upande wa Tanzania shughuli za kilimo hai huratibiwa na TOAM, mtandao wa kilimo hai wa Tanzania ulioanzishwa mwaka 2005, na kwa Kenya na KOAN, mtandao kama huo wa huko. Mkulima hupata haki ya kutumia nembo hiyo kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukaguliwa na kampuni ya uthibitishaji, jambo lenye gharama ambalo hufanywa zaidi na wanaosafirisha mazao nje. Ya pili ni ya vikundi, ambapo wakulima wa eneo moja hukubaliana kanuni, hutembeleana mashambani na kukaguana, na mmoja akivunja masharti kikundi kizima huathirika. Njia hii ya pili ndiyo inayomfikia mkulima mdogo, na mimi huiamini kwa sababu jirani huona usiku mambo ambayo mkaguzi wa mara moja kwa mwaka hayaoni.

Mjini Morogoro, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania limefundisha wakulima wengi wa milima ya Uluguru kilimo cha aina hii, na kwa anayeishi karibu hapo ni mahali pazuri pa kuanzia. Kwingineko, ulizia kikundi kilichothibitishwa kabla ya kuulizia duka.

Jihadhari na maneno matupu. "Asilia", "fresh", "ya kienyeji" na "isiyo na kemikali" hayana kiwango chochote nyuma yake. Nilikwisha kununua kwa miezi kadhaa mboga zilizofungwa kwenye vifuko visafi vyenye picha ya jani, kwa bei mara mbili ya gengeni, mpaka asubuhi moja nilipofika dukani mapema na kukuta zikihamishwa kutoka kwenye matenga yale yale ya soko la jumla na kutiwa vifukoni. Kibandiko hakikuwa kimesema uongo, kwa kuwa hakikuwa kimesema chochote. Nembo ya kweli huambatana na jina la mzalishaji au kikundi na namba ya uthibitisho. Visipokuwepo, lipa bei ya kawaida.

Hatua ya tano: Tumia macho, pua na vidole, lakini usivipe kazi visivyoiweza

Watu husema jani lenye matundu ni dalili ya kutopigwa dawa. Huenda ni kweli, na huenda mdudu alilitoboa kwanza, mkulima akaja na pampu baadaye. Matundu hueleza kwamba wadudu walikuwepo, basi. Vilevile nyanya ndogo zenye maumbo tofauti si uthibitisho, ingawa huashiria mbegu ya kienyeji ambayo mara nyingi huhitaji dawa kidogo.

Macho yanafaa zaidi kutambua unga wa dawa kwenye vikonyo, na pua inafaa kwa majani: fungu la chainizi lililopuliziwa karibuni huwa na harufu kali ya dukani ambayo si ya jani. Kwa maembe na ndizi, tatizo lingine ni kaabaidi, ambayo hutoa gesi ya asetilini na kulazimisha tunda liive, nayo ile ya viwandani huwa na chembechembe za aseniki na fosforasi. Embe lililoivishwa hivyo huwa na rangi ya njano iliyosambaa sawasawa kama lililopakwa, lakini halinukii kwenye kikonyo, na ukilikata utakuta karibu na kokwa bado ni gumu na chachu. Nunua embe bichi lililokomaa, ulivumbike mwenyewe nyumbani ndani ya kapu pamoja na ndizi moja mbivu. Halichukui siku nyingi.

Hatua ya sita: Osha kwa utaratibu, hata mboga za kilimo hai

Mboga za kilimo hai hukuzwa kwa samadi, na samadi ina vimelea. Kwa hiyo anayeacha kuosha kwa sababu mboga ni "za asili" amebadilisha hatari moja kwa nyingine, na kuharisha huja haraka kuliko madhara ya dawa.

Ng'oa vikonyo vyote kwanza, na uondoe majani ya nje. Osha kabla ya kukata, kwa sababu ukikata kwanza, kisu huingiza ndani kilichokuwa nje, na vitamini hutoka na maji. Kwa nyanya, hoho, tango na karoti, shika moja moja chini ya maji yanayotiririka na usugue kwa kidole gumba, ukimaliza na kile kishimo. Kama bomba halitoki, mimina kwa kopo, lakini usizizamishe zote kwenye beseni moja na kuzitoa kwenye maji yaliyochafuka. Usitumie sabuni. Ngozi ya matunda ina vitundu, na sabuni ya kuoshea vyombo haikutengenezwa kwa ajili ya kuliwa.

Ukitaka kuongeza kitu, bekingi soda ndiyo yenye ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts walionyesha mwaka 2017 kwamba kuloweka matufaha kwenye maji yenye gramu 10 za bekingi soda kwa lita, ambayo ni takribani vijiko viwili vya chai, kwa dakika 12 hadi 15, kuliondoa mabaki ya viuatilifu viwili juu ya ganda vizuri zaidi kuliko maji matupu. Lakini walionyesha pia kwamba sehemu ya dawa hizo ilikuwa imekwisha kupenya ndani ya ganda, na hiyo haikutoka. Huo ndio mpaka wa kuosha: dawa za kugusa tu huoshwa, dawa za kupenya husafiri na maji ya mmea hadi kwenye nyama ya tunda na haziondoki kwa beseni lolote. Ndiyo sababu ya kuwa na hatua ya tatu kabla ya hii.

Mboga za majani zina mikunjo, kwa hiyo zizamishe kwenye maji mengi, zitikise, ziinue kwa mikono (usimwage maji juu yake, mchanga utarudi), na urudie kwa maji mapya mara tatu au mpaka mchanga usisikike chini ya beseni. Zile zitakazoliwa mbichi, kama kachumbari na saladi, malizia kwa maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Kuhusu nyanya za kupikia kuna jambo ambalo wapishi wengi hawaambiwi. Mankozebu ikipashwa moto hubadilika na kutoa kemikali iitwayo ETU, inayojulikana kuidhuru tezi ya shingo. Kwa hiyo kupika hakuondoi tatizo hili, hulibadilisha sura. Nyanya ya mchuzi inahitaji kusuguliwa kama ile ya kachumbari, na kama muda unaruhusu, ichovye kwenye maji ya moto na kuimenya ganda kabla ya kuikaanga. Ganda ndilo lililokuwa nje kwenye mvua na dawa.

Hatua ya saba: Otesha yale ambayo huwezi kuyaamini

Huna haja ya shamba. Viroba vinne vya kilo 50, vilivyopangwa mahali penye jua kwa angalau saa sita, vinatosha kupunguza safari za gengeni. Tumia udongo ambao haujatoka kando ya barabara kuu wala mahali palipokuwa gereji, kwa sababu ya risasi, uchanganye na samadi iliyooza kabisa, ile ambayo ukiishika haina joto wala harufu. Samadi mbichi isiguse mboga zinazoliwa bila kupikwa. Kanuni za kilimo hai za Marekani hudai siku 120 kati ya kuweka samadi mbichi na kuvuna zao linalogusa udongo, na ni kipimo kizuri hata kwa kiroba cha uani.

Panda mchicha kwa awamu, kiroba kimoja kila baada ya wiki moja, kwa kuwa mchicha huwa tayari kwa wiki tatu hadi nne. Ukipanda vyote siku moja utakula mchicha wiki moja mfululizo na kisha ukose. Matembele yapande kwa vipande vya shina, uyachume ncha, nayo yatachipua tena yenyewe. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanafaa kumwagilia; ya kufulia hayafai.

Vidukari na viwavi wakija, saga mbegu za mwarobaini zilizokauka, loweka gramu 50 za unga wake katika lita moja ya maji usiku kucha, chuja kwa kitambaa, tia sabuni ya mche kidogo ili dawa ishike jani, na upulizie jioni, kwa kuwa jua huivunja nguvu yake. Rudia baada ya siku tano au sita. Dawa hii haiangushi wadudu palepale kama ile ya dukani, bali huwaondolea hamu ya kula na huwazuia kukua, kwa hiyo usiamke asubuhi ukaona wadudu wangali wanatembea ukadhani umepoteza kazi.

Kiroba cha nne kitengee nyanya, zile ndogo za kienyeji ambazo huota zenyewe kwenye majalala na huvumilia ukungu kuliko nyanya kubwa za mbegu ya kisasa. Weka mche mmoja tu, uufunge kwenye kijiti, na umwagilie kwenye shina bila kulowesha majani, kwa sababu ukungu huanzia kwenye jani lililolala na maji. Zikianza kuiva, zichume asubuhi, ng'oa kikonyo na uchungulie kishimo. Utakuta vumbi la uani tu.